Siku Tuliyopima Mitambo Baharini

Vijana wa karakana, siku ya kustaafu kwangu mliponikabidhi ile saa ya ukutani mmoja wenu, simtaji, alininong'oneza, "Mama Fundi, kabla hujatusahau tuandikie basi hayo mambo ya zamani." Nilidhani ni adabu tu. Wiki iliyofuata nikaletewa daftari na kalamu mbili mpaka mlangoni. Kwa hiyo andiko likiwa refu msinilaumu. Habari za vyeo siandiki, kwa kuwa vyangu vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara pia siandiki, maana mnaujua. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na Jumapili moja ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wanakuja kuchungulia.

Niliajiriwa nikiwa na miaka kumi na tisa katika ofisi ya utamaduni ya wilaya. Azimio lilikuwa bado jipya, kila mtu alikuwa ndugu, na kila Jumapili ilikuwa na kazi yake ya kujitolea: mtaro, darasa, barabara. Kwetu ni Temeke. Baba alikuja mjini kutoka Newala kupakua mizigo bandarini, mama akaja nyuma yake na jembe lake, akalima mchicha uani kama vile hajahama. Mimi nilimaliza shule nikapata cheti cha kupiga taipu, na barua ikasema niripoti kama karani.

Siku ya kwanza nilikuta mashine ya taipu imegoma. Herufi zilikuwa zinanyanyuka mbili mbili na kukwama hewani. Nilikaa nayo mpaka saa nne, hakuna aliyenijali, ndipo nikachomoa kibanio kichwani nikaifungua. Nilikuwa nimepanga vipande vyake vyote juu ya meza aliposimama mlangoni mzee mmoja mrefu, mwembamba, amechomeka bisibisi nyuma ya sikio mahali ambapo wenzake huweka penseli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakwambia uifungue hiyo?"

"Hakuna, mzee. Imegoma."

"Na wewe ukionaga kitu kimegoma unafungua?"

"Ndiyo, mzee."

"Njoo huku basi. Mie ninavyo vingi vimegoma."

Huyo ndiye Mzee Chitenje, fundi mkuu wa vipaza sauti, mtu wa Masasi. Nilimfuata mpaka chumba cha nyuma, na sikurudi tena kwenye taipu. Mashine niliirudishia vipande vyake siku ileile, ikafanya kazi vizuri, lakini mpigaji mwingine hakuletwa kwa miezi minane. Barua za ofisi ziliandikwa kwa mkono, na mkuu wa ofisi alikuwa na mwandiko wa kuku.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Landrova moja yenye honi nne juu ya paa. Amplifaya ya valvu, ambayo ilibidi uiwashe mapema ipate joto, la sivyo inakoroma. Maikrofoni mbili, moja ya viongozi na moja ya watu wengine, ingawa zilikuwa sawasawa. Na jenereta tuliyoiita Bibi, kwa sababu haikuamka bila kubembelezwa. Ninyi mna vitu vya kubonyeza kwa kidole, hongereni. Mimi nilijifunza kupitisha waya mzima kwenye vidole, hatua kwa hatua, macho yamefumbwa, mpaka kidole kinakwambia hapa pamekatika ndani. Mpaka leo nikishika kamba ya kuanikia nguo naikagua.

Mzee Chitenje hakuwa na maneno mengi ya kufundisha, na yale machache aliyasema huku amekupa mgongo. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. "Kila shughuli ina mwenyewe, Siwema," aliniambia. "Hotuba ya mgeni rasmi. Dua ya shehe na padri. Kupima mitambo ni kwa fundi. Hakuna bosi anayemwambia fundi basi, umepima vya kutosha. Akikwambia, mpe bisibisi apime yeye." Nilimwona kwa macho yangu akipima mitambo dakika arobaini kwa sababu chai yake ilikuwa bado ya moto.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna mkutano mmoja Manzese ambapo amplifaya ilianza kudaka redio yenyewe, bila kuombwa. Mheshimiwa yuko katikati ya habari za mbolea, honi zinatangaza mpira. Bao likaingia, uwanja mzima ukaruka. Mheshimiwa akadhani ni mbolea. Akainua mkono kutuliza watu, akasema, "Nashukuru, nashukuru, narudia tena." Mzee Chitenje alikuwa chini ya Landrova, anatafuta waya wa kuzika ardhini, na nilisikia gari linatikisika kwa kicheko chake. Hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo, kwa sababu mheshimiwa mwenyewe alitusifu kwa maandalizi.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Mwaka wangu wa nne kazini alikuja mkuu mpya wa ofisi, Ndugu Kalokola, mtu wa Bukoba. Shati lake limenyooka saa zote, faili kwapani, na rula. Mwaminifu kupita kiasi; penseli ya ofisi ikiisha alirudisha kile kipande kilichobaki. Katika msimu wa kipupwe, shule zimefungwa, ikaja barua kutoka juu: wananchi wa pembezoni mwa jiji waandaliwe tamasha la muziki ufukweni upande wa Kinondoni, bila kiingilio. Muziki wa dansi wakati huo ulikuwa unasikilizwa baa, kwa tiketi, na wengi wa kwetu waliusikia wakiwa wamesimama nje ya ukuta. Tamasha la bure mbele ya bahari! Nilipoisoma ile barua nilizunguka meza mara mbili.

Nilikuwa na sababu yangu. Siku zile bendi kubwa zilikuwa na wenyewe, yaani mashirika, viwanda, majeshi. Mwenye bendi ndiye mwenye vyombo, magitaa na ngoma na vyote, na mwanamuziki ni mwajiriwa kama dereva. Bendi isiyo na mwenyewe haina vyombo, na isiyo na vyombo haina pa kupiga. Nyuma ya nyumba yetu Temeke ilikuwepo moja ya namna hiyo, Chapakazi, vijana sita. Magitaa yao yalichongwa na mchonga vinyago jirani yetu, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli, ngoma ni makopo ya rangi yaliyowambwa ngozi ya mbuzi. Mpiga solo na mwimbaji alikuwa Selemani, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, tuliyecheza naye tangu utotoni. Wimbo wao mkubwa ulihusu baiskeli. *Baiskeli yangu haina breki, anayenipenda anipishe njia.* Na ilikuwa kweli haina, breki zilikuwa kwenye gitaa.

Miaka miwili walipiga pale uani na hawajawahi kushika gitaa la umeme. Kisha Selemani akapewa uhamisho: kiwanda kipya kimefunguliwa bara, aondoke na treni ya Jumatatu. Hiyo Jumatatu ndiyo iliyofuata Jumapili ya tamasha. Bila Selemani hakuna Chapakazi, wote walilijua hilo, hata kuku wa pale uani. Nikamwendea nikamwahidi mbele ya mama yake: Jumapili mtapiga kwenye vyombo vya kweli, mbele ya watu. Sikuwa na madaraka ya kuahidi hata kikombe cha chai.

Kesho yake nikaingia kwa Ndugu Kalokola.

"Bendi hii ni ya shirika gani?" akauliza.

"Haina shirika, ndugu."

"Ni ya nani basi?"

"Ya Temeke."

"Temeke si shirika, Ndugu Siwema."

Nikasimama palepale. Naye hakuwa mtu mbaya. Akachukua penseli akaandika chini kabisa ya ratiba, baada ya hotuba na bendi tatu za mashirika: *Chapakazi, muda ukiruhusu*. Nilitoka nikiruka. Bendi ya kwanza kwenye ratiba ndiyo iliyotoa vyombo vya kutumiwa na wote, na kiongozi wao alikubali Chapakazi waguse, ila wasimkatie nyuzi.

Tulikwenda kukagua ufukwe siku saba kabla. Siku hiyo maji yalikuwa mafu, ile hali ya bahari kusogea kidogo tu na kurudi kidogo tu. Mchanga ulikuwa mkavu, mpana, umetulia. Ndugu Kalokola akapima kwa hatua, akachora kwenye faili. "Jukwaa hapa," akasema. Seremala mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama bahari haitasumbua. Ndugu Kalokola akamwangalia kwa upole. "Bwana, mimi nimezaliwa kando ya maji. Nimeoga ziwani kabla sijatembea. Maji nayajua."

Na ziwa lake alilijua kweli. Tatizo ni kwamba ziwa hulala mahali pake. Sisi wengine tungemwambia nini? Mzee Chitenje ni wa Masasi, maseremala watu wa Dodoma, mimi bahari nilikwenda siku za Idi tu, na hizo siku nilitazama zaidi nguo za watu. Ofisi nzima ya pwani, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja wa pwani.

Ijumaa na Jumamosi nilipita na Landrova kutangaza. Temeke, Keko, Magomeni, Manzese, nikapaza sauti mpaka ikapasuka: "Ndugu wananchi, Jumapili, wote mnaombwa kufika ufukweni, wake kwa waume, bila kukosa!" Nilitumia maneno niliyoyazoea. Gari lilikuwa lilelile lililowaita watu kwenye mitaro, na sauti ilikuwa ileile. Muziki niliutaja, naapa niliutaja, lakini baada ya "bila kukosa" ni nani aliyeendelea kusikiliza?

Jumapili asubuhi tulipofika ufukweni bahari ilikuwa imekwenda mbali ajabu, mbali kuliko siku ya kukagua. Mchanga umelala uchi mpaka kwenye miamba. Ndugu Kalokola alifurahi. "Bahari imetupisha," alisema, na akasogeza jukwaa mbele zaidi ili watu wapate nafasi. Saa nne limesimama, mbao juu ya mapipa, imara. Bibi, jenereta yetu, tukamweka pembeni mwa jukwaa. Vyombo vikapangwa, vinang'aa, na Chapakazi wakakaa chini mchangani wakivitazama bila kugusa, mikono magotini.

Watu wakaanza kufika. Na karibu nusu yao wamebeba majembe.

"Dada, mtaro wenyewe uko wapi?" akaniuliza mama mmoja wa Keko.

"Hakuna mtaro, mama. Ni muziki."

"Muziki gani wa bila kukosa? Sie tumetangaziwa kazi."

"Ni bure, mama. Mcheze tu."

Akanitazama kwa huruma. "Bure, halafu?"

Wakakaa na majembe yao, wamekunja uso, wakisubiri hiyo kazi itokeze. Kulikuwa na bibi mmoja wa palepale ufukweni, Bi Kidawa, aliyekuwa akirudi na ndoo yake ya kombe kutoka kwenye miamba. Akapita mbele ya jukwaa, akarudi nyuma, akaliangalia tena.

"Nyie watu wa ofisini," akasema, "mmejenga baharini?"

Ndugu Kalokola akamsalimia shikamoo, akamweleza kwamba tuko nchi kavu. Bi Kidawa akaonyesha kwa kidole mstari wa majani makavu ya baharini, mbali nyuma yetu, karibu na barabara. "Pale ndo mwisho wa maji. Leo bamvua, maji makubwa. Saa kumi hapa mulipo panaogelewa." Kisha akaweka ndoo yake kivulini, akakaa. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kupata kiti kizuri namna ile maishani mwake.

Mgeni rasmi alitakiwa saa nane, na bila mgeni rasmi hakianzi kitu. Mnajua. Bendi za mashirika zilibaki kwenye basi lao barabarani, zimevaa sare, hazigusi chombo mpaka itifaki itimie. Saa saba maji yalikuwa yamegeuka. Ndugu Kalokola akachomeka kijiti mbele ya jukwaa kupima. Akatazama saa, akatazama barabara, akatazama kijiti. Kijiti hakikuwepo. Akachomeka kingine nyuma kidogo.

Saa nane ikafika, mgeni hakufika. Saa nane na nusu wimbi la kwanza likapita chini ya mbao, taratibu, likitazamatazama.

Hapo Mzee Chitenje hakungoja amri. Aliita wanaume ishirini, wakaisukuma jenereta mpaka barabarani, naye Mzee akipiga kelele kwamba Bibi asiinamishwe. Waya wetu mrefu ulitosha, lakini ungelala kwenye maji, na umeme na maji ya chumvi havicheki na mtu. Mzee akakwama, bisibisi mkononi, anazunguka. Ndipo yule mama wa Keko akasimama. Alikuwa amepata kazi aliyoijia. Akaokota waya akauweka juu ya jembe lake, akaliinua. Wa pili akasimama, wa tatu, na kufumba na kufumbua palikuwa na mstari wa majembe juu kutoka barabarani mpaka jukwaani, na waya umelala juu yake mkavu kabisa.

Mimi nilikuwa juu ya jukwaa peke yangu na amplifaya. Ndugu Kalokola alikuja chini yangu, suruali ameikunja, viatu mkononi, na uso wake ulinitia huruma.

"Ndugu Siwema, fungasha. Mgeni akija nitamwambia tumeahirisha. Vyombo ni vya watu."

Alikuwa sahihi. Maji yalikuwa kwenye vifundo vyake, na kwa hesabu ya Bi Kidawa yangekuwa kwenye mbao baada ya saa moja na kitu. Niliangalia upande wa pili nikamwona Selemani. Amesimama majini, gitaa lake la waya za breki begani, na hakuwa hata akinitazama mimi. Alitazama lile gitaa jekundu la umeme kwenye stendi. Kesho treni. Nikafikiri, Siwema, ukifungasha sasa huyu hatapiga tena, na wewe ndiye uliyemwahidi mbele ya mama yake.

Nikasema, "Ndugu, siwezi kufungasha."

"Kwa nini?"

"Mitambo haijapimwa. Nikirudisha vyombo vya watu bila kuvipima, kesho vikionekana vibovu tutaandika nini?"

Nilimjua mtu wangu. Ungemwambia Ndugu Kalokola habari za ahadi, angekupa pole. Ukimwambia habari za kuandika, anasimama. Alifikiri, wimbi likampiga gotini.

"Pima basi. Upesi."

"Selemani!" nikaita. "Pandeni mnisaidie kupima!"

Wale sita walipanda jukwaani kwa mruko mmoja. Nikawaambia, kwa maikrofoni, ili mkuu asikie, "Tunapima gitaa la solo." Selemani akalishika lile jekundu, akaweka kidole kwenye uzi, akapiga noti moja. Noti moja tu, ikatoka kwenye spika za bendi, ikapita juu ya maji na vichwa vya watu. Akaruka nyuma ameshtuka, halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikaingia kwenye maikrofoni kikaenda mpaka barabarani. "Solo nzima," nikatangaza. "Tunapima besi. Besi nzima. Tunapima ngoma. Sasa tunapima vyote kwa pamoja, maana mitambo hupimwa ikiwa na mzigo."

Wakaingia na baiskeli isiyo na breki.

Wanangu, sijui niwaelezeje. Watu waliokuwa wamekunja uso tangu saa tano walikunjuka. Waliokuwa mchangani wakaingia majini, waliokuwa majini kwenye vifundo wakaenda magotini, gauni zimekunjwa, kanzu zimefungwa viunoni. Wenye majembe walitaka kucheza na hawawezi kuachia waya, basi wakacheza nao, mstari mzima unayumba kushoto na kulia, na Mzee Chitenje barabarani anapaza sauti, "Juu! Chezeni juu!" Kiitikio kilipokuja mara ya pili ufukwe wote ulikuwa unakijua. Bi Kidawa alicheza na ndoo kichwani. Nilikuwa na kazi ya kutazama mishale ya amplifaya, na ninakiri kwenu kwamba sikuitazama.

Baada ya nyimbo tatu Ndugu Kalokola akasogea, maji mapajani.

"Fundi, bado?"

"Kuna mlio siuelewi, ndugu. Ngoja nisikilize tena."

Nyimbo mbili nyingine. Akasogea tena.

"Ule mlio umeuelewa?"

"Umehamia kwenye besi."

Akaguna. Kulikuwa na mzee aliyechoka kwenye ule mstari, waya unalegea kuelekea majini. Ndugu Kalokola akaliona lile, akaweka faili lake juu ya jukwaa, na rula juu ya faili, akaenda akalichukua lile jembe. Mwanzoni alisimama wima kama mlinzi. Wimbo ulipofika katikati nikaona bega lake moja linakwenda, na mwishoni yalikuwa yanakwenda yote mawili. Kule barabarani bendi za mashirika zilikuwa zimeshuka kwenye basi na sare zao, na kiongozi aliyehofia nyuzi zake alikuwa anapiga makofi juu ya boneti.

Saa tisa na nusu gari la mgeni rasmi likasimama. Akashuka mheshimiwa, suti ya Kaunda, viatu vyeusi, wasaidizi wawili. Ndugu Kalokola alimwona. Akampa jirani jembe lake, akakimbia kwenye maji yale, akasimama mbele yake anatiririka, mikono imenyooka ubavuni. Nyuma yake umati unaimba, anayenipenda anipishe njia.

"Mheshimiwa," akasema, "shughuli bado haijaanza."

Mheshimiwa akatazama bahari. "Haijaanza?"

"Haijaanza. Tunakusubiri wewe. Fundi alikuwa anapima mitambo."

"Na wale sita kule juu, bendi gani?"

Mzee Chitenje, aliyesikia yote, aliniambia kwamba hapo Ndugu Kalokola alimeza mate mara mbili. Mtu aliyekuwa akirudisha vipande vya penseli.

"Wale si bendi, mheshimiwa," akasema. "Wale ni sehemu ya mitambo."

"Na hawa walioko majini?"

"Wanashika waya."

Mheshimiwa akautazama mstari wa majembe. Kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu, akavua soksi, akazitia ndani ya viatu kwa mpangilio. "Nipe jembe," akasema. Aliingia kwenye mstari kati ya yule mama wa Keko na msaidizi wake mmoja aliyekuwa hajui atazame wapi. Mimi nikatangaza kwa sauti kavu kabisa kwamba kwa ombi la mgeni tunapima upya, tangu mwanzo. Selemani aliipiga baiskeli mara tatu mfululizo, mpaka maji yalipogusa mbao, na hapo nikazima, na watu wenyewe wakashusha vyombo, mkono kwa mkono juu ya vichwa, mpaka barabarani. Havikuingia hata tone.

Tamasha lilifunguliwa rasmi palepale barabarani saa kumi na moja, kwa hotuba ya dakika moja, na bendi tatu za mashirika zikapiga vizuri kama ilivyopangwa. Taarifa ya Ndugu Kalokola niliiona. Iliandika kwamba mitambo ilipimwa kwa muda wa kutosha na kuonekana mizima. Jina la Chapakazi halimo.

Jumatatu jioni nilimsindikiza Selemani stesheni. Alikuwa na sanduku la bati na kapu la mama yake. Tulipofika penye behewa lake akasema, "Siwema, mie nimepiga mara moja tu." Nikamwambia mara moja inatosha. Haikutosha, na wote wawili tulijua, nikajifanya natafuta namba ya kiti.

Akaingia, akakaa dirishani. Wapagazi walikuwa wanapakia magunia behewa la nyuma, na mmoja wao, kijana mfupi nisiyemjua, akaanza kupiga mluzi. Ilikuwa solo ya baiskeli. Yote, mpaka pale katikati ambapo jana yake kidole cha Selemani kiliteleza akapiga noti isiyokuwemo. Na hiyo noti yule mpagazi aliipiga. Wenzake wakadakia kiitikio, gunia moja kwa neno moja, huku wakirusha.

Selemani akatoa kichwa na mabega dirishani. "Kaka! Hapo katikati mnakosea!"

Mpagazi hakuacha hata kupakia. "Tunakosea nini?" akamjibu. "Wewe ulikuwepo? Mie nilikuwepo!"

Selemani akaangua kicheko. Treni ilipoanza kwenda alikuwa bado dirishani anacheka, machozi yanamshuka, ananionyesha yule mpagazi kwa kidole kana kwamba mimi sijamwona. Nami nikarudi Temeke kwa miguu nikipiga mluzi njia nzima, na ile noti nikaiacha ilipo.